Kompyuta Nane, Faili Moja

Jumatatu, tarehe 3

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, katikati ya somo la jiografia, mwalimu akiwa anatueleza jinsi mvua inavyotokea. Darasa zima lilimpigia makofi. Yeye mwenyewe alionekana kushangaa.

Daftari hili nimepewa na Shangazi. Ni fundi cherehani, na paa la kwake linavuja, kwa hiyo amehamia kwetu mpaka mvua ziishe, yeye na cherehani yake na mabegi manne. Kurasa tatu za mwanzo zina vipimo vya viuno vya watu nisiowajua. Nimeziacha, nimeanzia hapa.

La leo ni hili. Wakati wa klabu ya kompyuta, Makamu Mkuu wa shule aliingia kwenye chumba cha kompyuta akiwa amebeba kiti. Akakiweka katikati, akakikalia, akatutazama wote saba, mmoja mmoja.

"Nina viti mia moja vya ukumbi vinalowa barazani," alisema. "Na nina chumba hiki kikavu, ambamo watoto saba wanakodolea macho vioo. Mnatengeneza nini humu?"

Mwalimu wa kompyuta alikunywa chai yake. Hatimaye Jenerali, mwenyekiti wetu, ambaye husimama wima hata anapoumwa tumbo, akasema tutatengeneza kitabu cha wahitimu, chenye picha za wote wanaomaliza mwaka huu. Kurasa sitini na nne.

"Lini?"

"Siku ya kufunga shule, Mheshimiwa Makamu. Mbele ya wazazi."

"Mbele ya wazazi," alirudia, kama mtu anayeandika. "Kikiwa tayari, chumba ni chenu. Kisipokuwa tayari, viti vinaingia, nyinyi mnatoka."

Akaondoka. Kiti akakiacha.

Ningependa kuandika kwamba nilisema kitu. Sikusema. Darasani wananiita Kamusi, kwa sababu niliwahi kumsahihisha mwalimu mara moja, miaka mitano iliyopita, na tangu siku hiyo sijanyoosha mkono tena. Chumba kile ndicho mahali pekee shuleni ambapo mtu anaweza kukaa kimya saa mbili na ikahesabika kuwa anafanya kazi. Kikigeuka ghala la viti, sijui nitakwenda kukaa kimya wapi.

Jumatano, tarehe 5

Mwalimu amenipa mimi kazi ya kuandika programu ya kupanga kitabu. Kompyuta zetu ni kongwe. Moja peke yake ingehitaji saa nne kwa kurasa zote, na umeme wa hapa haujawahi kukaa saa nne. Kwa hiyo tutagawana: kompyuta nane, kila moja kurasa nane.

Shida ni kwamba kila kompyuta inahitaji kifurushi, yaani faili moja kubwa lenye picha zote na herufi zote. Mpiga picha wa shule huliweka mtandaoni kila asubuhi, na kila asubuhi linakuwa jipya, kwa sababu kila siku kuna mhitimu anayesema alifumba macho, apigwe tena. Na mtandao wetu, mvua ikinyesha, unatembea kama mgonjwa aliyetoka kulazwa.

Programu yangu nimeiita Mpishi. Ukiiwasha, kwanza inachungulia kwenye Ghala, folda iliyo kwenye kompyuta ya mwalimu, ambayo sote tunaiona. Kifurushi cha leo kikiwepo, inakichukua. Kisipokuwepo, inakipakua kutoka mtandaoni na kukiweka Ghalani, halafu inapika kurasa. Mmoja anapakua, wote wanafaidi.

Nimeijaribu kwenye kompyuta namba moja. Imekubali. Kisha namba mbili. Imekubali. Nilirudi nyumbani bila mwavuli, kwa furaha.

Alhamisi, tarehe 6

Mafua.

Ijumaa, tarehe 7

Tumepata mwanachama wa nane. Ni msichana wa darasa la jirani, mama yake ana duka la kuoka mikate, na anacheka kwa sauti inayofika ofisini. Alikalia kompyuta namba nane, ikazimika. Akaigusa, ikawaka. Akapiga chafya, ikazimika. Kabla ya saa kumi alikuwa ameshaitwa Nuksi.

"Niiteni tu," alisema. "Nitaitika. Lakini mkipata ajali msije kwangu."

Jenerali alifurahi mno. Kwa mara ya kwanza viti vyote vya kompyuta vilikuwa na watu. "Kikosi kimekamilika!" alisema. "Vidole kwenye kibodi! Hakuna kubonyeza mpaka nihesabu. Moja! Mbili! Tatu! Bonyeza!"

Tukabonyeza sote nane kama mtu mmoja. Ilipendeza kweli.

Kilichotoka hakikupendeza. Herufi zimegeuka vijisanduku. Nusu ya picha zimekatika puani. Makamu Mkuu, kwenye ukurasa wa walimu, ana nywele, paji la uso na macho mawili, halafu kijivu kitupu hadi chini. Anafanana na mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani.

"Mungu wangu," alisema Soksi, wa kompyuta namba tatu. Tunamwita hivyo kwa sababu kila akifika hukamua soksi zake dirishani. "Amekatwa mdomo."

"Msimwambie," alisema Mwalimu.

Jumatatu, tarehe 10

Moja, mbili, tatu, bonyeza. Vijisanduku tena. Makamu ameanza kuingiza viti vyake kidogokidogo, sasa ni sita.

Jumatano, tarehe 12

Nuksi hakuja, alibaki kumsaidia mama yake dukani. Jenerali akakataa kuhesabu. "Sihesabii kikosi pungufu. Kila mtu abonyeze anavyojua." Akakaa pembeni amekunja mikono. Mimi nilibonyeza nilipofika. Wengine walikuwa wamelowa chapachapa, wakakaa karibu nusu saa wakikamua nguo na kuchekana, ndipo wakabonyeza mmoja mmoja.

Kurasa zote zimetoka safi. Makamu ana mdomo, na tena ameukaza.

Soksi akasema kile ambacho kila mtu alikuwa anakifikiria. "Akiwepo, inaharibika. Asipokuwepo, inakubali. Jamani, mimi simsemi mtu."

Ijumaa, tarehe 14

Leo nitaandika kirefu, ingawa sitaki.

Jenerali aliitisha kura. Nuksi alikuwepo, amekaa kwenye namba nane, anatutazama kama anayetazama watu wakigombea kitu kisicho chao.

"Si chuki," alisema Jenerali. "Ni usalama wa chumba. Anayekubali kwamba mwenzetu apumzike mpaka kitabu kiishe, anyooshe mkono."

Mikono ikapanda. Mmoja, mitatu, mitano. Mimi sikuamini mambo ya mikosi. Nimesoma vitabu, najua kompyuta haijui nani kapiga chafya. Lakini macho yote yakanigeukia, na mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe. Ulipofika sikioni nikajuta, nikajifanya najikuna.

"Na Kamusi," alisema Jenerali. "Saba. Imepita."

Nilitaka kusema: huo haukuwa mkono, ulikuwa nusu ya mkono. Sikusema.

Nuksi alichukua mwavuli wake. Mlangoni akageuka. "Kiti cha namba nane kina msumari," alisema. "Atakayekikalia ajihadhari." Akanitazama mimi, si Jenerali. Akaenda.

Ili kupima, Jenerali akatangaza kwamba sisi saba sasa ndio kikosi kamili. Moja, mbili, tatu, bonyeza. Vijisanduku, pua nusu, Makamu anachungulia ukuta.

"Mkosi wake umebaki kwenye kiti," alisema Jenerali, lakini sauti yake haikuwa wima. Kile kiti kikatolewa nje, pakawekwa kimoja cha Makamu. Ndiyo faida pekee tuliyopata kwenye viti kumi na tano.

Jumamosi, tarehe 15

Nimeelewa. Nimeelewa kwa sababu ya maharage.

Nilikuwa nimekaa jikoni na kitabu. Sufuria jikoni, mvua juu ya bati. Shangazi akaacha cherehani, akaja, akaonja. "Hayana chumvi," akasema, akaenda kutafuta kopo, ambalo huwa halikai mahali pamoja. Shangazi akiwa bado anatafuta, Mama akapita, akaonja, akasema "Hayana chumvi," akaenda kabatini kufungua pakiti. Dada akaingia akiwa na simu sikioni, akaonja, akamwambia mtu wa kwenye simu "Hayana chumvi," akaenda mezani kuchukua kile kichupa kidogo. Kisha wakarudi mmoja baada ya mwingine, bila kuonja tena, na kila mmoja akatia.

Mimi niliona yote. Sikusema kitu. Naanza kuona kwamba ni tabia.

Baba alikula kijiko cha kwanza. Akanywa maji. Akala cha pili. Akanywa maji. "Yana msimamo," alisema.

Ukazuka ugomvi.

"Mimi nilionja kwanza, wifi!" alisema Shangazi. "Hayakuwa na chumvi hata chembe!"

"Na mimi nilionja!" alisema Mama.

"Jamani, hata mimi," alisema Dada, "nina shahidi kwenye simu."

Na wote watatu walikuwa wanasema kweli! Hapo ndipo nilipoacha kijiko. Kila mmoja alionja vizuri, kila mmoja alitia kiasi sahihi, hakuna mwenye kosa, na chakula hakiliki. Kosa limekaa katikati, katika ule mwendo kutoka kuonja hadi kutia. Wakati wewe unatafuta kopo, mwenzako anaonja sufuria ileile na kupata jibu lilelile.

Mpishi wangu anafanya hivyohivyo. Anachungulia Ghala, hakuna kifurushi, anaanza kupakua. Jenerali akihesabu hadi tatu, Wapishi wanane wanachungulia kwa pamoja, wote wanaona hakuna, wote wanaanza kumimina kwenye faili moja lenye jina moja, mmoja juu ya mwingine. Na anayechelewa kidogo anakuta faili lipo, anashukuru, anachukua nusu akidhani ni zima. Zaidi ya hapo, likishaharibika linabaki Ghalani siku nzima, na kila anayechungulia anaambiwa: kipo.

Siku ile Nuksi hakuwepo, hesabu nayo haikuwepo. Mimi nilibonyeza peke yangu, na wao walikuwa wanakamua soksi hadi kifurushi kikamalizika. Ilikuwa soksi, haikuwa Nuksi.

Programu ni yangu. Niliijaribu kwa kompyuta moja, kisha moja tena, kwa utaratibu wa mtu asiye na ndugu.

Jumapili, tarehe 16

Kesho nitasema. Nimeandika kabisa maneno yenyewe kwenye karatasi.

Jumatatu, tarehe 17

Karatasi imelowa.

Sikusema, lakini nimetengeneza. Sasa Mpishi, kabla ya kupakua, anaweka Ghalani kifaili kidogo kinachoitwa Kufuli. Mwenye Kufuli anapakua, wengine wanasubiri. Nilimwonyesha Mwalimu peke yake. Akanywa chai.

"Na hilo Kufuli unaliwekaje?"

"Naangalia kama lipo. Kama halipo, naliweka."

Akanitazama tu, bila kumeza. Nikasikia joto masikioni. Nilikuwa nimeonja, halafu nimekwenda kutafuta kopo! Nimeandika upya: sasa kuangalia na kuweka ni tendo moja, hakuna mwendo katikati. Ukifanikiwa kuliweka, ni lako. Usipofanikiwa, lina mwenyewe.

Na nyumbani nimetundika kijiko cha chumvi kwenye msumari. Asiye na kijiko haonji wala hatii. Mama amesema, "Mtoto huyu anasoma sana." Hakusema kama ni sifa.

Jumatano, tarehe 19

Imefanya kazi. Wote saba, kwa hesabu ya Jenerali, kurasa safi.

"Mnaona?" alisema Jenerali. "Tumebadilisha kiti, mkosi umekwisha."

Walishangilia. Mimi pia nilipiga makofi. Nikiandika hivi najionea aibu kuliko siku ya kura.

Ijumaa, tarehe 21

Safi tena. Viti thelathini na moja. Inabidi kupita kiubavu.

Jumapili, tarehe 23

Shangazi amekwenda kwa mteja na kijiko cha chumvi ndani ya begi. Hakuna aliyethubutu kutia chumvi. Tumekula saa tisa alasiri, chakula cha hospitali. Baba amesema, "Haya hayana msimamo hata kidogo."

Jumatatu, tarehe 24

Kisa cha jana cha kijiko kilipaswa kunionya.

Radi ilipiga kwenye hesabu ya tatu. Kompyuta ya Soksi ndiyo iliyokuwa imeshika Kufuli, na ndiyo pekee iliyozimika. Ilizimika na Kufuli mkononi. Kompyuta sita zikaandika kwenye vioo: Subiri. Subiri. Subiri. Tulisubiri saa moja na nusu. Kompyuta ni tiifu kuliko sisi.

Jenerali alitembea kati ya viti, akagonga goti, akasimama. "Soksi," alisema taratibu. "Kwa nini iwe yako tu?"

"Radi, bwana! Mimi ndiye niliyeleta radi?"

"Maji ya soksi yanavuta umeme," alisema mmoja.

"Nani kasema?"

"Anayekubali kwamba Soksi apumzike," alisema Jenerali, "anyooshe mkono."

Sijui kilichonipata. Nilisimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu, kikaangusha vingine vitano, kwa hiyo nikaanza hotuba yangu kwa kishindo.

"Si Soksi," nilisema. "Wala haikuwa Nuksi. Ni mimi."

Jenerali akashusha mkono wake.

"Ni mimi niliyeandika Mpishi. Mlipobonyeza kwa pamoja, wote mlipakua faili moja kwa wakati mmoja, mkaliharibu, na hamkuwa na kosa. Nimejua tangu siku ya maharage. Niliweka Kufuli kimyakimya, na leo limebaki kwa kompyuta iliyokufa, na hilo nalo ni langu."

"Maharage gani?" alisema Soksi.

Nikawaeleza maharage. Nikaeleza kijiko. Niliongea dakika kumi nzima, Mwalimu alizihesabu. Jenerali alikuwa amekaa, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Ungesema mapema," alisema, "tungekufukuza wewe."

"Ndiyo," nilisema.

"Na mimi nikihesabu moja, mbili, tatu... ndiyo nilikuwa naharibu?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Lakini ilipendeza."

"Ilipendeza sana," nilisema, na ni kweli.

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Mkimfukuza aliyeandika, maandishi hayarekebiki," alisema. "Kamusi, kuna mtu unamdai?"

"Hapana, Mwalimu. Mimi ndiye ninayedaiwa. Radhi."

"Basi kailipe."

Jumatano, tarehe 26

Duka la mikate la mama yake Nuksi lina foleni hadi nje. Nilisimama kwenye mvua nikirudia maneno. Nilipofika mbele, yeye ndiye aliyekuwa kaunta, na unga kwenye nyusi.

"Mkate mkubwa au mdogo?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Hatuuzi hiyo. Mkubwa au mdogo?"

"Mdogo."

Nikapewa mkate mdogo, nikajikuta nje. Nikarudi mwisho wa foleni. Safari ya pili nikasema, "Mkubwa. Na nilinyoosha mkono siku ile bila kuamini, na wewe hukuwa na kosa, kosa lilikuwa la programu yangu."

"Sema kwa sauti, mwanangu," alisema mzee mmoja nyuma. "Huku hatusikii."

"Kosa lilikuwa langu!" nilisema. Nadhani walisikia hadi kituo cha basi.

"Nani huyo anazuia foleni?" aliuliza mama yake kutoka ndani.

"Ni yule wa nusu mkono, Mama."

Kumbe aliona. Kumbe alijua ni nusu.

Alinivuta pembeni, mama yake akashika kaunta. Nikamweleza yote: kuchungulia, kupakua, Kufuli, radi. Alinisikiliza huku anapanga maandazi, kisha akasema, "Kwa hiyo programu yako inaweka kitu kaunta kabla hakijaiva?"

"Ndiyo... inaanza kukiweka kikiwa kitupu, kinajaa polepole."

"Mbele ya wateja?"

"Mbele ya wateja."

Alicheka kile kicheko chake, watu watatu wakageuka. "Njoo uone." Akanionyesha jikoni: waokaji wanne, kila mmoja na sinia lake mwenyewe, lenye alama yake. "Mkate unaiva kule nyuma. Mteja hauoni ukiwa unga. Ukiiva, Mama anaugonga chini, akisikia mlio wake sawa, ndipo unakuja kaunta, mzima, mara moja. Huku mbele kuna mkate au hakuna mkate. Robo tatu hakuna. Na umeme ukikatika, unaharibika kule kule kwenye sinia, mteja hana habari."

Nilitaka kukaa chini. Nilikaa. Palikuwa na gunia la unga.

"Utarudi klabu?" nilimuuliza.

"Jenerali akiniomba. Kwa kusimama wima."

Nimerudi nyumbani na mikate miwili. Nyumbani wamefurahi, hawajauliza.

Ijumaa, tarehe 28

Jenerali aliomba radhi kwa kusimama wima, mikono ubavuni, mbele ya viti hamsini na mbili. Nuksi alimfanya arudie kwa sababu kisigino kimoja hakikugusana na kingine.

Kisha tukaandika Mpishi upya, mimi na yeye. Sasa kila kompyuta inapakua kwenye sinia lake: faili lenye jina lake yenyewe, namba tatu lake, namba nane lake, ambalo hakuna mwingine analigusa. Likimalizika, Mpishi analigonga chini, yaani anahesabu kama ukubwa na alama zake zinalingana na zile alizoandika mpiga picha. Likiwa zima, analibadilisha jina kuwa kifurushi cha leo, kwa tendo moja. Ghalani ama kipo kizima ama hakipo.

Kufuli tumelibakiza, ili tusipakue mara nane na kuua mtandao. Lakini mwenye Kufuli asiposikika dakika kumi, linachukuliwa na mwingine. Na hata wawili wakipakua kwa bahati mbaya, hakiharibiki kitu, anayechelewa anatupa la kwake.

Nyumbani tumekubaliana vivyo hivyo: dakika kumi.

Jumatatu, tarehe 31

Siku nzuri kuliko zote. Kazi ilikuwa kuharibu. Jenerali alihesabu mara kumi na nne. Soksi alichomoa nyaya akicheka kama shetani. Nuksi alipiga chafya makusudi. Kila mara kurasa zimetoka safi, au hazikutoka mpaka zikawa safi.

Jumatano, tarehe 9

Viti tisini na saba. Mwalimu anakunywa chai akiwa mlangoni.

Ijumaa, tarehe 11

Siku ya kufunga shule. Mvua ya mawe asubuhi. Ukumbi ulivuja, kwa hiyo wazazi waliletwa kwenye chumba chetu, wakakaa kwenye viti ambavyo, kwa bahati, vilikuwa tayari humo. Baba, Mama, Dada na Shangazi walikaa mstari wa mbele. Shangazi alikuwa anapima kiuno cha Makamu kwa macho.

Jenerali alisimama. "Moja! Mbili! Tatu! Bonyeza!"

Taa zikacheza. Kompyuta namba tano ikafa, na Kufuli mkononi, bila shaka. Vioo saba vikaandika: Subiri.

Dakika mbili. Dakika tano. Makamu akatazama saa. Mtu akakohoa. Jenerali alinitazama, nikamwonyesha vidole vyote kumi. Nilikuwa na hakika, na hata hivyo nilikuwa nahesabu kila sekunde.

Dakika ya kumi, kioo cha namba nane kikabadilika: Nimechukua. Napakua. Nuksi alikunja mikono na kuketi nyuma. Baada ya hapo kurasa zilianza kuingia, moja moja, kisha kwa mafungu, zile za namba tano zikipikwa na namba sita. Mwalimu akabonyeza, na kitabu chote kikaonekana ukutani. Kila mhitimu ana pua. Makamu Mkuu ana nywele, macho, mdomo na kidevu.

Wazazi walishangilia. Makamu aliitazama picha yake kwa muda. Kisha akageuka.

"Vizuri. Lakini nimeambiwa mliharibu wiki nzima nzima. Na nimeambiwa kuna mwanafunzi mwenye mkosi humu, anayezima mashine." Macho yake yalikuwa kwenye namba nane. "Ni kweli?"

Kicheko kidogo kikapita kwa wazazi. Mama yake Nuksi hakucheka. Nuksi mwenyewe alikuwa anatazama kibodi.

Nikanyoosha mkono. Safari hii niliupeleka juu hadi bega likauma, na nikauacha huko.

"Kamusi?" alisema Makamu, kama anayeona mnyama aliyedhani ametoweka.

"Hakuna mkosi, Mheshimiwa Makamu. Aliyeharibu ni mimi. Niliandika programu inayoweka kaunta kitu kisichoiva. Aliyetufundisha kuoka ni yeye." Nikamwonyesha. "Bila yeye mngekuwa mnachungulia ukuta."

Maneno ya mwisho hakuna aliyeyaelewa isipokuwa klabu, ambayo iliangua kicheko. Shangazi akasema kwa sauti, "Huyo ni wetu! Huwa haongei!"

Makamu alisimama. Akatazama chumba, vioo nane, viti mia moja. Akachukua kiti alichokuwa amekikalia. Nadhani ndicho kile cha siku ya kwanza. "Chumba ni chenu," alisema. "Mvua ya ukumbini imepungua. Toeni viti vyangu."

Akatangulia na chake.

Jenerali alipiga visigino. "Kikosi! Kila mtu kiti kimoja! Moja! Mbili! Tatu! Beba!"

Tukabeba sote nane, tukauendea mlango kwa pamoja, tukakwama. Mguu wa kiti cha Soksi uliingia mfukoni mwangu. Nuksi alikuwa anacheka hadi analia. Hakuna aliyeweza kwenda mbele wala kurudi, na Jenerali, aliyebanwa katikati, alikuwa bado anahesabu.

"Mmoja mmoja!" nilipiga kelele. "Jamani, mmoja mmoja!"

Baba anasema nilisikika hadi getini.

Jumamosi, tarehe 12

Jua. Shangazi amerudi kwake, ameondoka na kijiko cha chumvi. Tumesubiri dakika kumi kama tulivyokubaliana, kisha Dada akachukua kijiko kingine.